Kupiga Mozart na Haydn kwa vyombo vya zama zao ukiwa Lamu: uanzie wapi

Wengi huku kwetu wanaopenda huu muziki wa kina Haydn na Mozart, watunzi wa Ulaya wa karne ya 18, wanakata tamaa mapema, manake wakisikia fotepiano (piano ya zama hizo) ya mbao kama ile ya Vienna wanajua hawaipati hata wakiuza kiwanja, basi wanachukua kibodi yoyote na fidla yoyote wanapiga tu hivo hivo. Mimi naona kuna njia. Jambo kubwa la vile vyombo ni kuwa sauti yao inatoka upesi na inakufa upesi, na hao watunzi walikuwa wakiandika huku wanaisikia sauti hio kila siku, kwa hio ukijifunza kuiacha sauti ife wakati wake umeshapata nusu ya kazi hata kabla hujanunua kitu.

Anza na fidla, manake Lamu fidla zipo tangu zamani kwenye taarabu na ndo chombo rahisi kukirudisha nyuma. Toa nyuzi za chuma uweke za utumbo. Wazee watakuuliza utumbo wa mnyama gani, waambie kondoo ama ng'ombe, huwa ni hao. Zamani nyuzi za E, A na D zilikuwa utumbo mtupu, na ya G ni utumbo uliozungushiwa waya wa fedha ama shaba. Hizi unaagiza nje, na ukiagiza ongeza E mbili tatu za akiba kwa sababu ndo nyembamba na ndo inayokatika.

Sa hapa ndo kuna kazi, hewa yetu ina unyevu na chumvi na utumbo unakunywa unyevu. Ukishaufunga usitegemee utulie siku hio, utapanda utashuka siku kadhaa, wewe uwe unautyuni kidogo kidogo asubuhi na jioni bila kuulazimisha. Masika ikiingia vigingi navyo vinavimba vinagoma kuzunguka, toa kimoja kimoja (usitoe vyote pamoja, kale kajiti ka ndani ya fidla kataanguka) upake sabuni kavu kidogo na chaki kidogo. Uzi ukianza kutoa vijinywele usivivute kabisa, vikate na kikata kucha alafu pitisha tone la mafuta ya lozi kwa kidole, ila pale upinde unapopita usiguse na mafuta, ukipapaka mafuta uzi hautashika tena. Na upinde ulegeze kila ukimaliza, na ulegeze kweli, nywele za upinde nazo zinarefuka na unyevu leo na kesho zinakaza zenyewe. Ukimaliza funga fidla kwenye boksi lake, usiitundike ukutani eti ipendeze, upepo wa kaskazi unaokuja na chumvi hauna huruma.

Upinde wenyewe, huu tunaoutumia leo uliwekwa sawa na fundi François Tourte kule Paris miaka ya 1780 na kuendelea. Wa kabla yake ulikuwa mwepesi na nchani hauna nguvu, sauti inaanza imejaa alafu inapungua yenyewe. Kama huna, shika huu wako juu kidogo, usogeze mkono kutoka kule kwenye skrubu kama vidole vitatu hivi kuelekea katikati. Utaona umekuwa mwepesi hapo hapo. Kile kidude cha kuwekea kidevu toa, kimekuja karne ya 19. Chelo nayo haikuwa na ule mguu wa chuma, inabanwa na miguu, sukuma chuma ndani ujaribu, ni suala la kuzoea tu.

Tukija kwa kibodi. Fotepiano ya fundi Anton Walter aliyokuwa nayo Mozart ina kii 61, na kibodi nyingi zinazopigwa kwenye harusi zetu pia ni 61, lakini angalia hapa watu wanapotea: ya Walter inaanza F na kuishia F, hizi zetu zinaanza C na kuishia C, kwa hio chini unakosa kii saba na juu una saba za bure. Ukiweza pata yenye 76 ama 88 yenye uzito kidogo, alafu jikataze kabisa zile za juu na za chini zisizokuwepo. Sauti usichague ile ya piano kubwa ya ukumbini. Kama una laptopu kuna programu zenye sauti za fotepiano, unganisha na waya utumie hizo, nyundo zake zilivalishwa ngozi na nyuzi zilikuwa nyembamba, utasikia kila noti ina ncha mwanzoni. Mwangwi wa mashine zima wote. Pedali ya kurefusha sauti usiikanyage kila mstari, kwenye zile piano kifaa hicho kilisukumwa kwa goti na kilikuwa rangi ya kuongeza mahali maalum. Oktoba 1777 Mozart alimwandikia babake akizisifu piano za fundi Stein wa Augsburg, na mojawapo ya alivyovipenda ni kuwa hicho cha goti ukikigusa tu kinafanya kazi na ukikiachia hakibakishi mlio wowote. Kwa hio masikio yake yalikuwa yanataka usafi.

Kutyuni, weka noti ya A kwenye hezi 430 badala ya 440, ndo wanavotumia wengi leo kwa muziki wa zama hizo, na nyuzi za utumbo zinapumua. Alafu ingia kwenye setingi za kibodi utafute mizani (temperament, yaani vile noti zinavyopangwa umbali) isiyokuwa sawa kila mahali, nyingi zina zile zinazoitwa Kirnberger ama Werckmeister, kwenye programu za kompyuta utapata mpaka Vallotti ambayo mimi ndo naipenda zaidi. Kwenye Vallotti chodi ya C inatulia na ya B inauma kidogo, na huo uchungu una kazi yake. Mpiga fidla achukue kila uzi kutoka kwa kibodi, moja moja, asilinganishe mwenyewe kwa sikio lake kutoka uzi hadi uzi, wataachana. Wapigaji wetu wa taarabu hapa wana faida kubwa, mtu aliyezoea udi na kanuni sikio lake halijafungwa na piano.

Sa upigaji. Ukiona mstari umeunganisha noti mbili, ya kwanza ina uzito, ya pili nyepesi na unaiacha kabla haijaisha, kama vile unavomuita mtu "Bwana!" na ile "na" inapotea hewani. Hio peke yake fanyeni jioni nzima, mpiga kibodi na mpiga fidla, mpaka mnaziachia pamoja. Trili, yaani noti mbili jirani zikipokezana upesi, anzieni noti ya juu. Kutetemesha kidole kila noti acheni, Leopold Mozart, babake, kwenye kitabu chake cha fidla cha 1756 aliwasema wanaotetemeka muda wote kama wana homa isiyopona. Noti ndefu nzuri itetemeshe, zingine ziache zinyooke.

Wimbo wa kuanzia kwangu mimi ni sonata ya Mozart ya kibodi na fidla, K. 304 (K. ni namba yake kwenye orodha ya kazi zake), E maina, ya 1778, sehemu mbili tu. Mwanzo fidla na kibodi wanapiga noti zile zile kwa sauti ya chini bila chodi yoyote, hakuna pa kujificha, kama hamjatyuni vizuri mtajua sekunde hio hio. Na ikifika ile chodi ya B inayorudisha E maina mtasikia mbona nimesema uchungu wake una kazi. Fidla isijitangaze, zama hizo hizi zilichapishwa kama sonata za kinanda na fidla ikisindikiza. Spika ya kibodi punguzeni mpaka utumbo usikike bila kusukuma.

Chumba, nyumba zetu za mawe ndo penyewe. Vyumba virefu vyembamba kwa sababu boriti za mkoko haziendi zaidi ya mita tatu hivi, kuta za chokaa, zidaka, sauti inarudi vizuri bila mashine. Pigeni baada ya isha, mji umetulia na hamumkatizi mtu swala.

Mkipata chelo nendeni kwa trio za Haydn. Chelo mara nyingi inafuata mkono wa kushoto wa kibodi, mpiga chelo asione amedharauliwa, besi ya piano za wakati ule ilikuwa inakufa haraka na yeye ndo anaibeba, bila yeye chini panakuwa patupu. Rondo, ile sehemu ya mwisho ya haraka ya trio ya G ya 1795, iacheni kwanza mpaka mikono iwe imekaa. Na siku mtakapopata mtu wa viola, pigeni kwateti ya Mozart ya piano, fidla, viola na chelo, K. 478, G maina, ya 1785.