Kuzalisha kuku wa rangi nzuri na mayai ya kahawia iliyokolea: chagua yai kwanza, manyoya baadaye

Wakuu, wengi wanaoingia kwenye kuku wa urembo wanaanzia kwenye manyoya, mtu anaona jogoo mweusi mwenye shingo ya rangi ya shaba anampenda hapohapo analipa, ukimuuliza mama wa huyo jogoo alikuwa anataga yai la rangi gani hajui na aliyemuuzia naye hajui. Mi nasema geuzeni utaratibu. Manyoya unaweza kuyarekebisha ndani ya kizazi kimoja au viwili maana rangi nyingi zinaongozwa na jeni mojamoja ambazo unazipigia hesabu kwenye karatasi, ila kukolea kwa ganda kunabebwa na jeni nyingi kwa pamoja, kila moja inachangia kidogo, ukizipoteza kuzirudisha ni miaka.

Ganda linapataje rangi? Yai linachukua masaa 24 hadi 26 kutengenezwa, na kama 20 ya hayo liko kwenye mfuko wa ganda. Ganda lenyewe linajengwa jeupe, kahawia inapakwa juu masaa ya mwishomwisho kabla halijatagwa. Ndo maana ukivunja yai la Marans (kuku wa Ufaransa, nitawaeleza mbele) lililokolea kabisa unakuta ndani ni jeupe, na likiwa limetagwa sasa hivi ukalisugua na maji rangi inakutoka mkononi. Sasa kuku akikurupushwa na mbwa au akihamishwa banda, yai linachelewa au linatoka kabla ya wakati na rangi inaharibika, usimhukumu kwa yai la siku hiyo. Magonjwa ya mfumo wa hewa yanapausha mayai, na dawa ya koksidia yenye nikabazini nayo inapausha, soma kilichoandikwa kwenye dawa kabla hujawapa wanaotaga.

Kingine ni msimu. Yai la kwanza kabisa la tembe, au la kwanza baada ya kupukutisha manyoya na kupumzika, ndo linakuwa jeusi (yaani kahawia iliyokolea sana) kuliko yote, afu kadri anavyoendelea kutaga linafifia. Anayetaga kila siku anafifia haraka kuliko anayerukaruka siku. Na kuku akizeeka yai linakuwa kubwa, rangi ileile inatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Kwa hiyo mtu akikuonyesha picha ya yai moja la kutisha muulize limetagwa lini. Mtetea wa kubaki naye ni yule ambaye baada ya miezi kadhaa ya kutaga yai lake bado limekolea.

Kuhusu chakula, hakuna cha kumlisha akatoe ganda jeusi. Majani mabichi na mahindi ya njano yanabadilisha kiini tu. Na hili nalisema kwa uchungu maana wateja wanaibiwa kila siku: ganda la kahawia sio ushahidi kwamba yai ni la kienyeji, kuku wa mayai wa kisasa wengi wanataga kahawia, na kienyeji wetu wengi wanataga meupe au ya rangi ya krimu.

Mbegu sasa. Wanaoongoza ni Marans, kuku wa mji wa Marans huko magharibi mwa Ufaransa karibu na La Rochelle, damu ya Langshan kutoka China iliingia kwao ndo wakapata mayai meusi na manyoya miguuni. Wafugaji wao wanapima rangi kwa kipimo cha 1 hadi 9, 9 ndo jeusi kabisa, na yai lisilofika 4 halihesabiki kama la Marans. Kuna Welsummer na Barnevelder wa Uholanzi, na Penedesenca wa Catalonia, Hispania, huyu ni mwepesi na anavumilia joto. Ukitaka kuleta mayai ya kutotolesha kutoka nje, anza na kibali cha mifugo, usipitishe kwenye begi. Kama huzipati, usikae bure, tafuta Rhode Island au Plymouth Rock wenye mayai yaliyokolea kuliko wenzao uanze kuchuja. Hutafika 7 kwenye kipimo kile, ila utaona tofauti.

Jogoo ndo nguzo hapa na ndo watu wanamchukulia kirahisi. Hatagi, lakini nusu ya urithi wa mayai ya mabinti zake inatoka kwake, na zaidi ya nusu kidogo kwa sababu mtetea anachukua kromosomu yake ya Z (kifungu cha jeni kinachohusika na jinsia, jogoo ana viwili, mtetea ana kimoja) kwa baba peke yake. Kwa hiyo jogoo wa mbegu awe ametoka kwenye yai jeusi kabisa, la mama unayemjua, na dada zake wawe wanataga vizuri. Uhakika kamili unaupata mabinti zake wakianza kutaga, kwa hiyo usimchinje mapema, mtunze mpaka uone mayai ya watoto.

Hapo ndo daftari linaingia. Kila kuku pete mguuni, na kila yai la kutotolesha andika kwa penseli (sio makapeni) namba ya mama na tarehe. Kujua nani katoa yai gani tengeneza kiota chenye mlango unaojifunga akishaingia, unamtoa wewe mwenyewe. Ni usumbufu, inabidi upite mara kwa mara hasa asubuhi, ila wiki 2 au 3 zinakutosha kuwajua wote. Piga picha mayai yote pamoja, kivulini, mahali palepale, ukitumia simu ileile. Na kama matetea walikuwa na jogoo mwingine, tenga na usubiri wiki 3 hadi 4 ndo uanze kukusanya, mbegu ya jogoo wa zamani inaishi muda mrefu ndani ya mtetea.

Tuje kwenye manyoya. Marans mweusi mwenye shaba, ambaye Marekani walimwingiza rasmi kwenye viwango vyao 2011, shida yake ni kiasi cha shaba. Jogoo mwenye shaba nyingi imemwagikia kifuani mpe matetea weusi wenye shaba kidogo, na kinyume chake. Ukioanisha waliozidi shaba wote wawili unapata matetea wenye kahawia iliyosambaa mgongoni, na hao kuwarudisha ni kazi.

Rangi ya bluu, ile ya kijivu kama jiwe la kunolea, ni rahisi sana na inafurahisha. Kuku wa bluu ana nakala moja ya jeni ya bluu, mwenye nakala mbili anakuwa mweupeweupe mwenye mabaka ya kijivu. Bluu kwa bluu unapata robo weusi, nusu bluu, robo wa mabaka. Bluu kwa mweusi nusu kwa nusu. Ukitaka vifaranga wote wawe bluu, chukua wa mabaka umpandishe na mweusi, kwisha. Hizo ni hesabu za wengi lakini, kwenye vifaranga 8 usishangae mgao ukienda ovyo.

Na kuna hii ya mistari ambayo kwa mtu wa biashara ni dhahabu. Jeni ya mistari ya Plymouth Rock iko kwenye ile kromosomu ya Z. Mpandishe mtetea wa mistari na jogoo asiye na mistari, mfano Rhode Island, Australorp (wengi tunawaita kuku wa Malawi) au Marans mweusi wa shaba, vifaranga siku ya kwanza wanajieleza: wa kiume wana doa jeupe kichwani, wa kike kichwa cheusi. Ukigeuza, jogoo wa mistari kwa mtetea mweusi, wote wanatoka na mistari na hujui kitu. Mi ningekuwa na jogoo mmoja tu wa Marans ningefanya hivi kwanza, unapata matetea weusi wenye nguvu na mayai yanayokolea kuliko ya mama zao.

Ukichoka kahawia kuna kijani cha zeituni. Ganda la bluu la Araucana (kuku wa asili ya Chile) limekolea mpaka ndani, na jeni yake moja tu inatosha. Jogoo wa Marans kwa mtetea wa yai la bluu mwenye nakala mbili za jeni hiyo, mabinti wanataga zeituni. Hao ukiwarudisha kwa Marans, nusu wanabaki na jeni ya bluu na zeituni inazidi giza, nusu wanataga kahawia. Namna ya kuwajua mapema: jeni ya bluu imekaa jirani sana na jeni ya upanga mfupi wa kichwani, ule wa mafundomafundo ya safu tatu, kwa hiyo kifaranga mwenye upanga huo mara nyingi anayo na ya bluu. Hii haifanyi kazi kama damu ya bluu imetoka kwa Cream Legbar (kuku wa Uingereza wa mayai ya bluu), wao wana upanga wa kawaida.

Mayai ya kutotolesha yasikae zaidi ya siku 7 hadi 10, ncha kali chini, sehemu ya ubaridi, na usiyaoshe. Mashine yenye feni weka nyuzi 37.5, siku 21 kama kawaida. Kuyapima kwa tochi ni shida maana mwanga haupiti vizuri, ingia chumba chenye giza kabisa siku ya 10 sio ya 5, na ukiwa na wasiwasi liache. Yenye ganda lenye vipele usiweke hata kama rangi ni tamu.

Kila msimu bakiza majogoo wawili au watatu wasiotoka mama mmoja, tena mabanda tofauti, na usipandishe kaka na dada mwaka baada ya mwaka, utaona mayai hayaanguliki. Chanjo ya mdondo ya matone ya jicho, ile ya I-2, rudia kila miezi 3, wachanje wote siku moja pamoja na kienyeji wanaozurura nje, na ukiweza jirani yako naye achanje siku hiyohiyo.