Kubadilisha taa za nyuma za pikapu ziwe LED: kazi kubwa iko kwenye ethi na flasha

Pikapu isiyo na mzigo hurukaruka kuliko gari dogo, na mtikisiko wote huo unaishia kwenye nyuzi za balbu zilizoko nyuma. Ndiyo sababu ya kwanza ya kuweka LED: haina uzi wa kukatika. Sababu ya pili ni breki. Balbu ya uzi huchukua kama sekunde 0.2 kufikia mwanga wake kamili, LED inawaka papo hapo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, aliye nyuma yako husogea zaidi ya mita 5 katika muda huo mdogo. Habari ya kuokoa umeme mimi siipi uzito; jenereta ya gari haitahisi tofauti.

Kuchomoa balbu na kuchomeka nyingine hakuhitaji fundi. Muda wako utaliwa na mambo mawili: ethi iliyochoka (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) na indiketa zinazokimbia, yaani kupepesa kwa kasi kupita kawaida. Kabla ya kutoa pesa, angalia pia sheria ya mahali ulipo. Nchi nyingi huidhinisha taa pamoja na aina ya balbu yake, kwa hiyo LED ndani ya taa iliyoundwa kwa balbu ya uzi inaweza kukukwamisha kwenye ukaguzi.

Hatua ya 1: Soma balbu ya zamani

Usinunue kwa kukisia. Toa kila balbu na usome maandishi kwenye kitako chake. P21W ina uzi mmoja, hutumika kwenye breki au rivasi. P21/5W ina nyuzi mbili: wa wati 5 kwa taa ndogo na wa wati 21 kwa breki, na vijino vyake viwili vya pembeni haviko kwenye kimo kimoja, hivyo inaingia kwa njia moja tu. PY21W ni ya indiketa, rangi ya chungwa. Vijino vyake havitazamani sawasawa ili mtu asichomeke balbu nyeupe mahali pake. Taa ya namba mara nyingi ni W5W, ile ndogo isiyo na kitako cha chuma.

Pikapu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia namba nyingine, kama 1156, 1157, 3157 na 7443, na nyingi zinatumia taa moja nyekundu kwa breki na indiketa. Kwa 3157 na 7443 kuwa makini: kuna soketi ambazo ethi yake imepangwa tofauti, na LED zake huandikwa CK au SRCK. Ukichanganya, unaweza kuunguza fyuzi mara tu unapowasha.

Hatua ya 2: Chagua rangi kwa kufuata kioo

Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, nyuma ya kioo cha chungwa weka ya chungwa. LED nyeupe ina bluu nyingi na nyekundu kidogo, kwa hiyo kioo chekundu kinazuia sehemu kubwa ya mwanga wake, na kinachotoka ni uwaridi uliofifia. Nyeupe ibaki kwenye rivasi na taa ya namba.

Tazama pia vipande vya mwanga vilivyopangwa kwenye balbu yenyewe. Kikombe kinachong'aa ndani ya taa kimeundwa kupokea mwanga kutoka pembeni mwa balbu, pale uzi ulipokuwa. LED yenye vipande kileleni tu itatoa nukta kali katikati na kuacha kikombe giza. Chukua iliyozungukwa na vipande pande zote.

Hatua ya 3: Pima ethi balbu za zamani zikiwa bado ndani

Wengi huruka hatua hii, kisha wanalaumu balbu mpya. Washa taa ndogo na umwambie mtu akanyage breki. Weka multimita (kifaa cha kupima umeme) kwenye volti, ncha moja kwenye waya wa ethi nyuma ya soketi, nyingine kwenye terminali hasi ya betri (utahitaji waya mrefu). Ukisoma karibu na sifuri, ethi ni nzima. Ikivuka volti 0.2 kwa mbali, kuna kutu au skrubu iliyolegea.

Kwa nini kabla na si baada? Balbu ya wati 21 huvuta karibu ampea 1.75, na mkondo huo ndio unaoufichua ubovu. LED huvuta kidogo mno. Multimita itakuambia ethi ni nzuri wakati si nzuri. Lakini ubovu haujaondoka. Umeme uliokosa njia ya kurudi hupenya kwenye balbu ya jirani, na kwa kuwa LED inatosheka na mkondo mdogo, unakanyaga breki unaona indiketa au rivasi ikiwaka kwa mbali.

Tiba yake ni ya kizamani: fuata waya wa ethi hadi ulipofungwa kwenye bodi au chasisi, fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, kisha paka grisi juu. Soketi zenye ukijani wa kutu zisafishe, au badilisha kabisa.

Hatua ya 4: Chomeka na jaribu

Zima gari, chomeka, washa. Balbu isiyo na kitako cha chuma ikikataa kuwaka, ichomoe, igeuze, irudishe. LED huchagua chanya na hasi. Kwenye balbu ya kazi mbili, hakikisha breki inaonekana wazi kuwa kali kuliko taa ndogo, hata mchana. Kama tofauti ni ya kutafuta kwa macho, rudisha dukani, maana aliye nyuma hatajua umekanyaga.

Hatua ya 5: Tuliza indiketa

Indiketa ikipepesa kwa kasi, flasha (kifaa kinachoiwasha na kuizima indiketa) imeona mkondo umepungua na inadhani balbu imeungua. Kama pikapu yako ina flasha ya kuchomoa, nunua flasha ya LED yenye mpangilio uleule wa miguu, na kazi imekwisha. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda.

Pikapu za kisasa nyingi hazina flasha hiyo; kompyuta ya gari ndiyo inayopepesa. Hapo tumia rezista ya omu 6, wati 50, moja kila upande, ili ile mkondo ambao LED haivuti na kompyuta isidhani balbu imeungua: mguu mmoja kwenye waya wa indiketa, mwingine kwenye ethi. Injini ikiwa inanguruma, rezista hiyo hula zaidi ya wati 30 kila taa inapowaka, na joto lake linachoma kidole na kuyeyusha plastiki. Ifunge kwa skrubu kwenye bati la bodi, mbali na nyaya. Usiiweke kwenye waya wa breki ila kama dashibodi inalalamika kuwa balbu ya breki imeungua, kwa sababu kwenye foleni mguu hukaa juu ya breki na rezista haipati nafasi ya kupoa.

Hatua ya 6: Funga

Angalia mpira wa kuzuia maji kabla ya kurudisha taa, uliopasuka ubadilishe. Skrubu zikazwe kwa kiasi, kioo cha taa hupasuka kirahisi. Gizani, simama mita kumi na tano nyuma na utazame kila taa ikiwaka peke yake, kisha zote pamoja na hazadi (indiketa za pande zote mbili kwa wakati mmoja).

Kama unavuta trela yenye balbu za kawaida, soma uwezo ulioandikwa kwenye flasha mpya. Balbu za trela zinaongeza mzigo wake, na hazadi inaziwasha za pande zote mbili kwa pamoja.