Jinsi ya kuwachezesha watoto wa PP2 (mwaka wa mwisho wa chekechea) shule isipokuwa na uwanja

Shule ninayofundisha iko Pipeline, mtaa wa Embakasi jijini Nairobi, katikati ya maghorofa. Uwanja wetu ni ua wa saruji, hatua kumi na nane kutoka ukuta hadi ukuta. Wengi wa watoto wangu wanaishi chumba kimoja ghorofa za juu, na wakifika nyumbani hawaruhusiwi kushuka tena. Wasipokimbia shuleni, basi siku hiyo hawakukimbia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 3 na 4 apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, na kuanzia miaka 5 wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kumfanya aheme. Kipindi cha PE (mazoezi ya viungo) peke yake hakifiki huko.

Hatua ya 1: Kagua ua
Okota vipande vya chupa, tazama palipotuama maji. Kisha chora mstari wa chaki hatua mbili kabla ya kila ukuta. Mtoto akifika mstari anapunguza mbio. Meno huvunjwa na ukuta, si na mchezo.

Hatua ya 2: Shona mpira
Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya Agosti 2017, mpira wa juala, yaani wa mifuko hiyo, umeadimika. Mimi sisikitiki. Chukua soksi kuukuu, ijaze vitambaa hadi itoshane na chungwa kubwa, ipige fundo, iingize ndani ya soksi ya pili, ushone mdomo. Usitie mchanga. Mpira huu haudundi, kwa hiyo hauvuki ukuta kwenda kwa jirani, na ukimpata mtoto usoni anacheka.

Hatua ya 3: Badilisha sheria ya kati
Hapa ndipo nilipokosea miaka mingi. Kati ni mchezo wa kukwepa mpira: watupaji wako pembeni, wengine wako katikati wakikwepa. Tunavyoijua, anayepigwa anatoka. Na wa kwanza kupigwa ni nani? Ni yule mzito, au aliyekuja bila kunywa chai. Anakaa ukutani akitazama wepesi wakizidi kuwa wepesi, yaani anayehitaji mchezo kuliko wote ndiye anayeucheza dakika moja.

Sasa kwetu hakuna kutoka. Aliyepigwa anakuwa mtupaji, aliyempiga anaingia kati. Darasa la watoto thelathini ligawe mafungu matatu, kila fungu na mpira wake. Ukiona foleni ya wanaongoja zamu, mafungu yako ni makubwa mno. Usiwachezeshe mara tu baada ya uji, utaurudishiwa.

Hatua ya 4: Ingiza mchezo ndani ya kipindi
Kipindi ni dakika 30, na kwenye ya kumi na tano vichwa huanza kulala mezani. Hapo nasema: "Nyama nyama nyama!" Wanaitikia: "Nyama!" "Ya mbuzi!" Wanaruka: "Nyama!" "Ya paka!" Nyama ya paka hailiwi, kwa hiyo atakayeruka hapo anachekwa na darasa zima, naye anacheka. Somo la wanyama limepita bila kitabu. Sisi tuko ghorofani na mwalimu wa chini alishalalamika, kwa hivyo siku hizi badala ya kuruka tunachuchumaa na kuinuka. Miguu inachoka hata zaidi. Siku za mvua mchezo huu ndio unaoniokoa.

Mzazi akikuambia analipa karo mtoto asome, si aruke, mkaribishe darasani dakika kumi. Usibishane naye.

Hatua ya 5: Mtafute anayesimama pembeni
Nilikuwa na kijana aliyejibanza langoni kila mchezo. Nikadhani ni haya. Siku moja alivua viatu kutoa kokoto, nikaona vidole vimejikunja: viatu vilikuwa vya mwaka uliopita. Tangu hapo kila Jumatatu nabonyeza ncha za viatu kwa kidole gumba wakiwa wamesimama. Ukigusa kidole cha mtoto pale mbele kabisa, zungumza na mzazi jioni mkiwa wawili, si getini wenzake wakisikia. Wakati huo mwache acheze peku, ua ukiwa umefagiliwa.