Somo: Jinsi ya kupima ubora wa maisha ya mtoto mwenye ugonjwa wa Duchenne

Duchenne ni ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli mwaka hadi mwaka, na karibu wote wanaougua ni watoto wa kiume. Kliniki hupima nguvu za misuli, mapafu na moyo, lakini hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachoeleza mtoto mwenyewe anayaonaje maisha yake. Kwa hilo tunatumia dodoso, na somo hili linahusu PedsQL, lililotungwa na James Varni na wenzake nchini Marekani.

Hatua ya kwanza ni kuchagua toleo. Dodoso la jumla lina maswali 23: 8 ya mwili, 5 ya hisia, 5 ya mahusiano na wenzake na 5 ya shule. Lipo pia la magonjwa ya neva na misuli, lenye maswali 25. Mtoto hujijibia kuanzia miaka 5, kwa matoleo ya miaka 5–7, 8–12 na 13–18. Omba kibali cha kulitumia, wala usitafsiri maswali papo hapo mbele ya mtoto.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo inayoharibika mara nyingi, ni kumhoji mtoto kwanza, akiwa mbali kidogo na mzazi. Anaulizwa kama mwezi uliopita alipata shida kuelewana na wenzake, na kabla hajafungua mdomo mama ameshajibu. Mama hana nia mbaya, amezoea kumsemea. Mpe karatasi yake aijaze kando. Ikiwa mikono ya mtoto imechoka, msomee swali kama lilivyoandikwa, aonyeshe jibu kwa kidole au kwa macho, nawe uweke alama. Wa miaka 5–7 huchagua kati ya nyuso tatu zilizochorwa.

Hatua ya tatu ni hesabu. Jibu 0, yaani hakuna shida kamwe, huwa 100. 1 huwa 75. 2 huwa 50. 3 huwa 25. Na 4 huwa 0. Mtoto aliyejibu 0, 1, 1, 2, 0 katika hisia anapata 100, 75, 75, 50 na 100, wastani wake 80. Zaidi ya nusu ya maswali ya sehemu yakikosa majibu, sehemu hiyo haihesabiwi.

Mwisho ni kusoma matokeo. Maswali ya mwili yanauliza kuhusu kukimbia, kuinua vitu vizito na kuoga bila msaada, kwa hiyo anayetumia kiti cha magurudumu atapata alama ndogo hata kama ana furaha tele. Ninasisitiza: andika alama za mwili peke yake, na za hisia, mahusiano na shule peke yake. Ukizichanganya kuwa namba moja, utamwonea mtoto.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mwanangu ana miaka 14. Yeye amepata 80 katika hisia, mimi nimemwekea 55. Nani yuko sahihi?
Jibu: Mama, msitafute wastani. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa wazazi huyaona maisha ya watoto hawa kuwa magumu kuliko wanavyoyaona wao. Andikeni zote mbili, kisha mwulize swali moja moja pale mlipotofautiana. Huenda anakuficha jambo, au wewe ndiye unayebeba hofu yake.

Swali: Mtoto mwenye uelewa mdogo ahojiwe?
Jibu: Ndiyo, ajaribiwe. Duchenne huweza kugusa ubongo pia, kwa hiyo nyuso tatu zinaweza kumsaidia hata akiwa mkubwa, mradi uandike wazi kuwa umetumia toleo la umri mdogo.

Swali: Tupime kila baada ya muda gani?
Jibu: Kila ziara ya kawaida ya kliniki inatosha. Ongeza kipimo kimoja kabla ya mabadiliko makubwa, kama kuanza kutumia kiti cha magurudumu, na kingine miezi michache baadaye.