Ukiulizwa Kuhusu Mtu Msumbufu Kwenye Mahojiano ya Kazi

"Tuambie kuhusu mtu mgumu uliyewahi kufanya kazi naye." Swali hili sisi tunalitoa karibu kila tunapoajiri, na nimeona vijana wazuri wakiangukia hapo. Ninasimamia wafanyakazi kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru. Stoo na mauzo hawaishi kuvutana. Muuzaji ameshamwahidi fundi wa Njoro mabati yake kabla ya saa nne, karani wa stoo hatoi mzigo bila karatasi yenye sahihi, na dereva anapiga honi getini. Kila mmoja ana haki yake. Tunapouliza swali hilo, tunataka kujua wewe utafanya nini ukiwa katikati ya hao watatu. Yule msumbufu hatumwajiri, kwa hivyo tabia zake hazitusaidii sana.

Anza kwa kuchagua kisa. Chagua mvutano mdogo uliohusu kazi yenyewe: mzigo, zamu, ripoti, hesabu. Visa vya nani alimwonea nani wivu viache nyumbani, maana havina mwisho na hakuna anayeweza kuvithibitisha. Wala usiseme unaelewana na kila mtu. Jopo halitakuamini.

Kama hujawahi kuajiriwa, usiogope. Kuna atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini ukiwa mwanafunzi, kuna kazi ya kikundi chuoni, kuna kwaya. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama na akamfuata mwanachama aliyezima simu siku ya mchango ana kisa kizuri kuliko wengi wenye vyeti.

Sasa tazama jibu lenyewe. Msichana mmoja aliyeomba ukarani wa stoo alituambia hivi: "Bosi wangu alikuwa na kiburi, hakupenda wasichana waliosoma, alinifokea kila siku, nikaondoka." Hapo hatukupata chochote cha kuandika. Nikamuuliza, alikufokea kuhusu nini hasa? Ndipo kisa kikatoka, na kilikuwa kizuri. Kingepangwa vyema kingesikika hivi:

"Nilikuwa nahesabu saruji kila jioni. Msimamizi wangu alikuwa akitoa mzigo kwa maagizo ya simu bila kuandika, kisha hesabu zisipolingana ananifokea mbele ya wateja. Siku moja nilingoja duka lifungwe, nikamwambia, 'Mkubwa, leo mifuko kumi imetoka na sina karatasi yake. Tuweke daftari hapa mlangoni, kila anayetoa mzigo aandike, hata wewe.' Mwanzoni alikataa. Niliendelea kuandika mwenyewe na kumwonyesha kila jioni kabla hajaondoka. Baadaye akaanza kutia sahihi. Alibaki mkali vilevile, lakini hatukugombana tena kuhusu saruji."

Angalia alivyongoja duka lifungwe: hakumjibu mkubwa wake mbele ya wateja. Alizungumzia mifuko kumi, hakuzungumzia kiburi. Na ile sentensi ya mwisho naipenda kuliko zote, kwa sababu ni ya kweli. Watu wazima hawabadiliki tabia kwa sababu ya daftari, na anayedai kwamba adui yake aligeuka rafiki wa kufa na kuzikana hutufanya tutazamane.

Wengi wamefundishwa kupanga jibu kwa mpangilio wa STAR, herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya hali, jukumu, hatua, matokeo. Ni mzuri, ila wanamalizia pumzi yote kwenye hali. Hali iwe sentensi mbili tu. Hatua zako ndizo zipewe nafasi kubwa, na jibu zima lisizidi dakika mbili.

Kisha jiandae kwa swali linalofuata, ambalo mimi hulipenda: "Yeye akiulizwa, atasema nini kukuhusu?" Usijibu kwamba atakusifu kuwa mchapa kazi. Sema lile ambalo kweli lilimkera: "Atasema nilikuwa msumbufu kuhusu karatasi, kila mara namkumbusha." Anayeweza kujitazama kwa macho ya mwenzake nitamweka kwenye timu yoyote.

Majina ya watu na ya kampuni usiyataje. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini wafanyabiashara wake bado wanajuana, na huenda bosi wako wa zamani ni mteja wetu. Jipime hivi: kama angefungua mlango sasa hivi, ungeendelea kusimulia vilevile?

Kabila lake pia usiliguse, hata kwa kudokeza "wale watu unawajua". Mji huu una watu wa kila pembe ya Kenya na una makovu yake. Mimi nikisikia hivyo, mahojiano yamekwisha.

Jambo jingine ni zito. Kama aliyekusumbua alikushika au alikutaka kimapenzi ili upewe kazi, huyo si mtu mgumu. Huo ni unyanyasaji wa kingono, na Sheria ya Ajira ya 2007 inaukataza, tena inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuuzuia. Hulazimiki kulifanya hilo kuwa jibu la mahojiano wala kulipunguza makali ili uonekane mvumilivu. Chukua kisa kingine.

Usiku wa kuamkia mahojiano, kisimulie kisa chako kwa sauti, na kwa Kiingereza pia, kwa kuwa huenda jopo likakuhoji kwa lugha hiyo. Mwombe dada yako au rafiki akukatize katikati akuulize, "Sasa wewe ulifanya nini?" Ukishindwa kumjibu kwa sentensi moja, tafuta kisa kingine kabla ya kulala.