Kabla hujaenda kuvua koho Washington

Ukiwa umezoea kutupa mshipi Ziwa Victoria na kuchukua chochote kinachonasa, jimbo la Washington litakushangaza. Huku samoni, na koho ni aina mojawapo, anakaguliwa kwanza, ndipo anachukuliwa. Kwa hiyo anza na karatasi kabla ya ndoano.

Leseni ya mwaka inaisha Machi 31, hata kama umeikata Februari. Ni lazima kuanzia miaka 15, ila kadi ya kuandikia samoni anatakiwa kuwa nayo hata mtoto. Ukishaamua kumchukua samaki, unamwandika pale pale, siyo ukifika kwenye gari. Tena kanuni hubadilika katikati ya msimu: mto uliokuwa wazi Jumamosi iliyopita leo unaweza kuwa umefungwa. Tazama tovuti ya idara ya samaki na wanyamapori usiku wa kufunga mizigo.

Halafu jifunze kumtambua. Koho ana madoa sehemu ya juu tu ya mkia, na ufizi wake ni mweupe pale meno yanapoota. Chinook, aina nyingine ya samoni, ana madoa mkia mzima na ufizi mweusi. Sasa tazama mgongoni, karibu na mkia. Samaki wengi wa vituo vya kuzalishia hukatwa kijipezi cha hapo wangali wadogo, hivyo utakuta kovu laini. Kijipezi kikiwepo, mhesabu kuwa wa asili, na sehemu nyingi lazima umwachie bila kumtoa majini. Zoea kwa picha nyumbani, maana mtoni una sekunde chache na vidole vimekufa ganzi. Kwenye maji ya Puget Sound, mkono wa bahari ulioingia jimboni, ndoano ya samoni haitakiwi kuwa na kijino cha nyuma. Kibane kwa koleo ukiwa bado mezani.

Mtoni koho wanaingia kwa wingi Septemba hadi Novemba, hasa mvua ikishapandisha maji. Fika kabla ya jua, utafute maji yaliyotulia nyuma ya magogo. Chambo usijisumbue nacho sana. Vijiko viwili vitatu vya kuvulia, vile vya chuma vinavyozunguka majini, vinatosha. Jaketi okozi ndilo la kusumbukia.

Na barafu. Nyama ya koho huharibika upesi: mkate mashavu anayopumulia, damu itoke, kisha mfukie kwenye barafu. Wangu wa kwanza nilimlaza majanini mpaka saa sita mchana. Hata mchuzi wa nazi haukumwokoa.