SOMO: Jitengenezee tindo ya kupasulia ukuta kwa springi ya gari

Wakuu, wale mnaopitisha paipu za umeme na maji ukutani wenyewe, hili ni lenu. Tindo ya nondo ukiigonga kwenye zege kidogo tu ncha inalala, na hata uipige moto vipi haikazi maana nondo ina kaboni kidogo. Springi ya gari ina kaboni karibu asilimia 0.6, hiyo ndo chuma yetu. Ulizia gereji au kwa wauza skrepa, chukua ya duara yenye unene wa milimita 12 mpaka 16.

Kata kipande kwa grenda, kitie kwenye mkaa wenye feni mpaka kiwe chekundu cha kung'aa, kinyooshe juu ya kipande cha reli kisha bapaza ncha. Wekundu ukianza kufifia rudisha motoni, usigonge chuma kilichopoa kitapata nyufa. Ukimaliza kifukie kwenye majivu hadi kesho yake kipoe polepole, hapo tupa itakula vizuri, chonga makali yawe na nyuzi kama 60.

Sasa kukaza, na hapa ndo wengi wanaharibu. Pasha ncha tu, sentimita 4 au 5, pima na sumaku, ikiacha kunasa ongeza moto kidogo halafu zamisha wima kwenye mafuta ya kula yaliyo vuguvugu ndani ya ndoo ya chuma (mafuta yanaweza kushika moto, kaa na mfuniko karibu). Pitisha tupa, ikiteleza bila kuuma imekaza.

Ila usiitumie bado! Hapo inavunjika kama kioo. Isugue kwa msasa mpaka iwe nyeupe, pasha nyuma ya ncha taratibu na uangalie rangi zinavyotembea kuja kwenye makali: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau, bluu. Zambarau inayoelekea bluu ikifika kwenye makali zamisha tena hapo hapo. Kichwa kiache laini kabisa, kikikazwa nyundo itarusha vipande na jicho halina spea.

MASWALI

Mkuu, sina mafuta, maji hayafai?
Chuma hiki kwenye maji kinaweza kupasuka, mara nyingine ufa huuoni mpaka siku ya kazi. Omba mafuta yaliyokaangia chipsi.

Oili chafu ya gari je?
Inakaza ila moshi wake mbaya sana, mi siishauri.

Nina vipande vya bomba la maji la zamani, vinafaa?
Hapana ndugu yangu. Havikazi, halafu lile bomba lina zinki, ukilichoma moshi wake unaleta homa.

Kichwa cha tindo yangu kimechanua pembeni, niendelee tu?
Simama kwanza, saga kingo zote zilizochanua kwa grenda, hizo ndo huruka. Na vaa miwani.